Binamu Mwenye Adabu

Chukua sentensi moja ya Kihispania, ya barua ya kawaida tu: “Tu primo es un muchacho muy educado, de barrio popular, comprometido, y aquí nadie lo molesta.” Nimeitunga mwenyewe, lakini haina neno ambalo shangazi wa Lima au wa Bogotá asingeliandika akiwa jikoni anasubiri sufuria ichemke. Mtu anayejua Kiingereza na kubahatisha Kihispania ataitazama na kufurahi, maana karibu kila neno analitambua kwa sura. Hatafungua kamusi. Ataifasiri papo kwa papo, na Kiingereza chake ukikileta kwetu kitasema hivi: binamu yako ni kijana msomi sana, anatoka mtaa unaopendwa na wengi, jina lake limeingia doa, na huku hakuna anayemdhalilisha.

Shangazi wa watu alitaka kusema kwamba kijana ana adabu, amekulia uswahilini, amejitoa kwa ajili ya wenzake, na huku hakuna anayemsumbua.

Hata “primo” nimelipitisha haraka. Kihispania kinawaweka wote kapu moja, ilhali kwetu mtoto wa baba mdogo ni ndugu, na binamu ni wa shangazi au wa mjomba. Nimesema aliyeandika ni shangazi ili nisiulizwe maswali.

Mimi si mfasiri. Nina rafiki tu anayeifanya kazi hiyo kwa mshahara: mchana anatoa nyaraka na barua kutoka Kihispania kwenda Kiingereza, jioni ananisimulia kwa Kiswahili yaliyomkwaza. Kwa miaka mingi nimekuwa nikimsikiliza kama mtu anavyokaa kibarazani kumtazama seremala akipiga randa, bila haja ya kununua kitanda.

Jina la mitego hii lilitoka Ufaransa. Mwaka 1928 Maxime Koessler na Jules Derocquigny walitoa kitabu kuhusu maneno ya Kiingereza yanayomsaliti Mfaransa, wakayaita marafiki wa uongo, na jina likasambaa kwa walimu wa lugha nyingine. Kati ya Kihispania na Kiingereza marafiki hao ni wengi kwa sababu za ukoo. Kihispania ni mtoto wa Kilatini. Kiingereza si mtoto, ni mkopaji mkubwa, hasa tangu Wanormani walipoivamia Uingereza mwaka 1066 wakaja na Kifaransa chao. Kilatini kilikuwa na kitenzi “educare”, kulea. Kihispania kikabaki nacho nyumbani, Kiingereza kikakipeleka shule. Leo maneno hayo mawili yakikutana njiani yanafanana uso, na mpita njia anadhani yanasimulia habari ileile.

Mswahili hahitaji kueleweshwa sana hapa, maana na sisi tunao marafiki wa uongo huko Hispania. Waarabu na Waberberi waliingia nchi ile mwaka 711 wakatawala sehemu kubwa yake, na Granada, ngome yao ya mwisho, ilianguka mwaka 1492. Maneno waliyoyaacha ni jamaa wa yale yaliyotufikia sisi pwani kwa njia ya bahari. “Hasta” yao na “hata” yetu ni neno moja. “Fulano” ni fulani. Lakini “alcalde”, aliyezaliwa nyumba moja na kadhi wetu, siku hizi ni meya. “Aduana”, ndugu wa diwani, ni forodha. Na “alguacil”, ambaye kwa nasaba ni waziri kabisa, leo ni mtumishi wa mahakama anayetekeleza amri za hakimu. Ukimfasiri kwa kufuata ukoo umempandisha cheo bila Rais kujua. Na ukifika Madrid, usimwambie mwenyeji wako kwamba umetoka sokoni na fulana tatu. “Fulana” kwao ni fulani wa kike, na mtaani limekuwa jina la kahaba.

Wanaoanza kujifunza Kihispania huonyeshwa kwanza “embarazada”, linalofanana na neno la Kiingereza la kuona aibu ilhali maana yake ni mjamzito. Wanacheka, na hawalisahau tena. Rafiki yangu analidharau. Anasema ni kama sanamu la kutishia ndege shambani, linaonekana kutoka mbali na halijawahi kumdhuru mtu mzima. Sentensi yenyewe itakuokoa, kwani mwanamke mwenye aibu ya miezi saba hayupo. Wa kuogopwa ni neno ambalo ukilikosea sentensi inabaki na akili zake. Binamu msomi? Mbona yupo. Kila ukoo unaye.

Ndiyo maana “educado” linastahili kukaliwa mezani. Kwa Mhispania, profesa mwenye shahada tatu anayepita bila kusalimia ni “maleducado”, na bibi asiyejua kusoma, anayekupa maji ya kunywa kabla hujaeleza kilichokuleta, ni “muy educada”. Kwetu hakuna ugumu: elimu ni elimu, adabu ni adabu, na tunajua vinaweza kulala nyumba tofauti. Mfasiri wa Kiingereza ana maneno kadhaa mkononi, na hapo ufundi ndipo unapoanza. “Polite” ni tabia ya leo, ambayo mtu anaweza kuivaa dukani na kuivua akifika nyumbani. “Well-mannered” inatazama mikono na ulimi. “Well brought up” inamsifu mama yake. Kwa kuwa mwandishi ni shangazi, na kijana huenda ni mwanawe wa kumzaa, rafiki yangu anachukua la tatu ingawa ni refu na linalegeza mwendo wa sentensi. Kesho yake, kwenye waraka wa serikali, anakutana na “Ministerio de Educación”, na hapo neno ni elimu kwelikweli. Huyu anayesema kweli nusu ya siku ndiye anayemchosha.

“Popular” linaniuma mimi zaidi, kwa sababu ni neno la heshima linalogeuzwa tangazo la dalali wa nyumba. “Pueblo” ni watu, umma. “Clases populares” ni tabaka la wanaoamka alfajiri kuwahi usafiri. “Barrio popular” ni mtaa wa watu hao. Msomaji wa Kiingereza akiandikiwa “popular neighbourhood” ataona mikahawa, kodi ya juu na foleni ya wapangaji. Sisi tunalo neno linalokaribiana nalo mno, tena limejengwa kwa namna ileile, kwa kuchukua jina la watu na kulifanya mahali: uswahilini. Ndani yake mna kelele, mna jirani anayejua ulichopika jana, mna dharau ya mtu wa nje na fahari ya mwenyeji. Kiingereza hakina neno la kubeba yote hayo. “Poor” linaiacha fahari mlangoni, “working-class” linakuja na viwanda vya Manchester. Wafasiri wengi huchukua la pili na kuuvumilia moshi wa kiwanda.

Atatokea wa kusema: basi liacheni “barrio” kama lilivyo, Wamarekani wanalijua. Wanalijua, ndiyo, lakini kwao limeshapewa kazi nyingine. Ni mtaa wa wasema Kihispania ndani ya mji wa Marekani. Mtaa wa Bogotá, ambako jirani zako wote ni Wakolombia wenzako, ukiandikwa hivyo msomaji wa Chicago anaona wahamiaji. Neno halikuguswa hata herufi moja, na bado limebadilika. Asili yake, nisisahau, ni Kiarabu cha “nje ya mji”, ukoo mmoja na bara yetu.

Ila kuna mahali kuliacha neno ndiyo busara. Oscar Lewis, mwanaanthropolojia wa Marekani, alichapisha mwaka 1961 kitabu cha The Children of Sánchez, maisha ya familia moja ya Mexico City yaliyotokana na masimulizi aliyoyarekodi kwenye kanda. Humo “vecindad” limebaki kwa Kihispania. Kwa sura linafanana na neno la Kiingereza la maeneo ya jirani, lakini vecindad ya Mexico ni nyumba: safu za vyumba vinavyotazama ua mmoja, kila chumba na familia yake, maji na kamba za kuanikia nguo vikigombewa na wote. Msomaji wa Ilala hahitaji maelezo zaidi. Amewahi kupanga humo.

Neno “social” lenyewe ni shamba la mabomu, nami nitalipita kwa vidole vya miguu. “Razón social” si sababu ya kijamii ya jambo lolote, ni jina la kampuni lililosajiliwa. “Domicilio social” ni ofisi yake iliyosajiliwa. “Capital social” kwenye katiba ya kampuni ni mtaji wa hisa, wakati kwa mwanasosholojia ni kitu kingine kabisa. “Obra social” ni mfuko wa bima ya afya ukiwa Argentina, na ni kazi za hisani za benki ukiwa Hispania. “Agentes sociales” si mawakala wa chochote. Ni vyama vya wafanyakazi na vya waajiri wanapoketi pamoja kujadili mishahara. Haya hayadai kipaji. Yanadai mtu aliyewahi kukosea akaandika kosa lake kwenye daftari.

Daftari la namna hiyo lingemsaidia kijana mmoja wa Florida. Januari 1980, akiwa na miaka 18, mchezaji wa besiboli, alifikishwa hospitalini hajitambui. Familia yake, yenye asili ya Kuba, ikasema ni “intoxicado”. Kwa Wakuba huyo ni mtu aliyedhurika na kitu alichokula au kunywa, na wao walidhani ni chakula. Kiingereza kina “intoxicated”, aliyelewa. Akatibiwa kama mtu aliyezidisha dawa za kulevya, huku damu ikivuja kichwani mwake. Alipopata fahamu mikono na miguu yote ilikuwa imepooza, na fidia iliyokubaliwa baadaye ilikadiriwa kufika dola milioni 71 kama angeishi umri wake wote. Mkalimani hakuitwa, na hakuitwa kwa sababu hakuna aliyehisi kwamba haelewi. Neno lingekuwa geni kabisa, mtu angeuliza.

Mahakamani hali ni hiyohiyo. Marekani ilipitisha sheria ya wakalimani wa mahakama za shirikisho mwaka 1978, na neno moja ambalo mkalimani wa Kihispania hulisubiri kwa tumbo joto ni “molestar”. Shahidi anasema jirani “me molestaba”: alikuwa ananisumbua, labda kwa redio usiku. “Molest” ya Kiingereza siku hizi inasikika kama kumchezea mtu mwili. Upande wa pili kuna “violación”, lenye sura ya ukiukaji tu wa kanuni, ambalo kinywani mwa mlalamikaji aghalabu ni kubakwa. Ukifuata sura, la kwanza linampeleka jela mwenye redio na la pili linamtoa mbakaji kwa faini. Mkalimani hupewa sekunde mbili, wakili akiwa ameshasimama.

Mfasiri wa vitabu ana muda zaidi, na mateso yake ni ya polepole. Kihispania kina “tú” ya mazoea na “usted” ya heshima, ambayo ilianza kama “vuestra merced”, namna ya kumwita mtu bwana mkubwa. Kiingereza kina “you” peke yake. Katika riwaya wawili wanaitana usted kurasa mia mbili, kisha katikati ya mstari mmoja anasema tú. Jambo zito limetokea, mapenzi au matusi, na Kiingereza hakikusikia. Nimeona wafasiri wakiihamishia alama hiyo mahali pengine: kuanzia mstari ule bwana anaitwa kwa jina lake la kwanza, au sentensi zake zinafupishwa ghafla kama za mtu aliyelegeza tai. Sisi tungeisikia kwenye shikamoo iliyokosekana. Na usidhani kanuni ni moja kila mahali, maana Bogotá wapo mume na mke wanaoitana usted kwa upendo tu.

Yapo maneno yanayomlazimu mfasiri avunje sarufi ya nyumba anayoingia. Argentina, kati ya 1976 na 1983, watawala wa kijeshi walikuwa wakiwateka watu majumbani na kazini, na ndugu wakienda kuuliza wanaambiwa hajulikani. Watu hao ndio “desaparecidos”. Kuanzia Aprili 1977 mama zao walikusanyika Plaza de Mayo, mbele ya ikulu ya Buenos Aires, na tume iliyoundwa baada ya utawala ule kuanguka ilitoa ripoti mwaka 1984 ikiwa na kesi zaidi ya 8,900. Sasa tazama kitenzi. Kwa Kihispania cha kawaida, na kwa Kiingereza, anayetoweka ndiye mtendaji: katoweka mwenyewe, kama mume anayekimbia madeni. Wasema Kihispania wakakipinda, wakasema “lo desaparecieron”, wao walimtowesha. Kwa Kiingereza “missing” lilikuwa limekaa karibu, neno safi, linalofaa hata kwa paka. Waliojali hawakuridhika nalo. Wakaandika “the disappeared”, wakaandika “he was disappeared”, Kiingereza ambacho mwalimu wa shule angekipiga kalamu nyekundu, na leo msomaji hashtuki tena.

Nikiitazama kazi hiyo naona uchumi wa viambishi vyetu. Potea, poteza, potezwa. Amepotezwa. Kiambishi kimeingia katikati na mkono wa mtu umeonekana, ingawa mwenye mkono hajatajwa. Msomaji wa magazeti yetu hahitaji kuelezwa neno hilo limezoeleka vipi.

Mtu akishaungua mara kadhaa huanza kukimbia kila neno lenye uso wa Kilatini, na huo nao ni ugonjwa. Gregory Rabassa alifasiri “Cien años de soledad” ya García Márquez, na Kiingereza chake kikatoka mwaka 1970. “Soledad” ni upweke wa aliyeachwa na pia utulivu wa aliyejitenga. Mwoga angeandika “loneliness”, akabaki na nusu ya kwanza. Rabassa akachukua “solitude”, pacha mwenyewe, kwa kuwa mara hii pacha alikuwa mkweli na mwenye nafasi ya nusu zote mbili. Hata “cien” hakuliacha lipite. Kiingereza kinakudai useme ni “a hundred” au “one hundred”. Akachagua la pili, kwani, kama alivyoeleza katika kumbukumbu zake za mwaka 2005, aliiona ni miaka iliyohesabiwa, kama ya utabiri, si mia ya kukadiria. Kazi yote hiyo ni ya jalada tu, kitabu hakijafunguliwa.

Kama kuna kitu cha rafiki yangu ningekiiba, ni kamusi yake ya María Moliner. Moliner alikuwa mkutubi wa Hispania, na miaka ya 1950 alianza kuandika kamusi nyumbani kwake, kadi moja baada ya nyingine, baada ya saa za kazi. Alichotaka kuonyesha ni namna neno linavyotumika, na kamusi hiyo ya matumizi ikatoka kwa juzuu mbili, 1966 na 1967. Mwaka 1972 jina lake lilipelekwa Real Academia Española, na kiti akapewa mwanamume. Juzuu za rafiki yangu zimelegea mgongo. Huwa hazifungui kwa maneno magumu. Huzifungua kwa yale anayoyajua.

Wiki iliyopita nilimpa sentensi yangu ya shangazi, nikijiona fundi. “Educado” alilipita bila kupunguza mwendo. “Popular” akaguna kidogo, “molesta” akacheka. Kwenye “comprometido” akaweka kalamu chini, nami nikafurahi, kwa sababu nilikuwa nimeshajiandaa. Nikamweleza kwamba mwanasiasa “comprometido” wa Kihispania ni wa kupigiwa kura, amejitoa kwa jambo analoliamini, wakati “compromised” wa Kiingereza ni wa kuitwa Takukuru.

“Hayo nayajua,” akasema. “Mimi nauliza, huyu kijana kajitoa au kachumbia?”

Sikuwa nimeliwaza hilo. “Comprometido” ni vilevile mtu aliyeshatoa ahadi ya ndoa. Ungeandika kwa kile kitenzi chao kingine, “está”, akaniambia, ningejua kuna mchumba. Umeandika “es un muchacho”, ukalining'iniza. Nikamjibu kuwa sentensi ni yangu, na mimi ninasema kajitoa. Akatikisa kichwa. Shangazi anamsifu kijana kwa mtoto wa kaka yake, anataja adabu, anataja mtaa, halafu anaingia kwenye siasa? Shangazi gani huyo? Akaomba ukurasa wa pili wa barua aone kama kuna pete.

Nikamwambia hakuna ukurasa wa pili. Akaichukua kalamu, akaiandika sentensi kwa Kiingereza hadi mtaani kwa kijana, akaacha pengo la upana wa vidole vitatu, kisha akaendelea hadi nukta. Karatasi iko mezani kwangu bado, na pengo lake.